Mitandao ya kijamii isiyo na mmiliki mmoja: nini kirahisishwe, nini mtumiaji afundishwe

Ukipoteza laini ya simu leo, uwe Runazi, Nyakahura au Rulenge, unajua pa kwenda. Unachukua namba yako ya NIDA, unakwenda kwa wakala wa mtandao wako, unaweka kidole kwenye kifaa, na namba yako inarudi. Zipo programu mpya za mawasiliano ambazo hazina ofisi ya aina hiyo. Ukipoteza ufunguo wa akaunti yako, hakuna huduma kwa wateja wala wakala wa kukusaidia. Jina ulilojijengea na watu wote waliokuwa wakikufuata humo vimekwenda.

Programu hizi zinaitwa mitandao ya kijamii iliyogatuliwa. Watengenezaji wake wana swali gumu: je, waifanye iwe rahisi kiasi kwamba mtu asihitaji kujua lolote, au wamfundishe kwanza ndipo aanze kuitumia? Makala hii inaeleza mitandao hiyo ni nini, ugumu wake uko wapi, na ni somo gani tulilonalo tayari hapa Afrika Mashariki kutoka kwenye huduma za kutuma pesa kwa simu.

Kugatuliwa maana yake nini?

Neno kugatua si geni kwetu. Tunalisikia kila tunapozungumzia kupeleka madaraka kutoka serikali kuu kwenda halmashauri. Kwenye mitandao ya kijamii maana yake inakaribia hiyo hiyo.

Facebook, Instagram na WhatsApp ni za kampuni moja, Meta. Kompyuta kubwa zinazotunza ujumbe na picha, yaani seva, ziko chini ya kampuni hiyo. Kampuni ndiyo inayoweka kanuni na ndiyo yenye uwezo wa kukufungia akaunti. X na TikTok nazo kila moja ina mwenye wake.

Mtandao uliogatuliwa una seva nyingi zenye wamiliki tofauti, lakini zinazungumza lugha moja ya kiufundi. Mfano wa karibu ni laini za simu. Mtu wa Halotel aliyeko Nyakanazi anampigia mtu wa Airtel aliyeko Kabanga, na hakuna anayelazimika kujiunga na kampuni ya mwenzake. Jaribu sasa kutuma ujumbe kutoka WhatsApp kwenda TikTok. Haiwezekani, kwa sababu kila mmoja amejenga ukuta wake.

Mfano wa laini unatusaidia hata kwenye suala la kuhama. Tangu tarehe 1 Machi 2017, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliruhusu mteja ahame kampuni ya simu akiwa na namba yake ile ile. Mitandao iliyogatuliwa inaahidi kitu cha aina hiyo: hukupenda seva yako, unahamia nyingine bila kuwapoteza watu wako.

Kwa ufupi, zipo aina tatu za kufahamu. Ya kwanza ni mitandao ya seva nyingi, kama Mastodon iliyoanzishwa mwaka 2016 na Mjerumani Eugen Rochko. Ya pili ni mitandao ya ufunguo, kama Nostr, ambako akaunti yako ni msimbo mrefu wa siri unaoushika mwenyewe. Ya tatu ni ya simu kwa simu, kama Briar na Bitchat, ambako ujumbe unaweza kupita kwa Bluetooth bila intaneti.

Kwa nini jambo hili linatuhusu?

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita kwa sababu ya hitilafu ndani ya mtambo wa kampuni yenyewe. Mfanyabiashara anayepokea oda za WhatsApp hakuwa na la kufanya. Kosa lilitokea kwa mmoja, likawafikia wote.

Mei 2025 mtandao wa X uliacha kupatikana kwa njia ya kawaida hapa Tanzania, na serikali ilieleza kwamba tatizo ni maudhui ya ngono yanayoruhusiwa humo. Miezi mitano baadaye, siku ya uchaguzi mkuu ya tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti yenyewe ilikatika nchini kwa siku kadhaa.

Matukio haya matatu yanafanana kwa mtumiaji, kwani kwake yote ni kwamba "mtandao hausomi". Kiufundi ni matatizo matatu tofauti, na kila moja lina jibu lake. Mtandao wa seva nyingi ungesaidia kwenye tukio la kwanza, kwa sababu seva moja ikizimika nyingine zinaendelea. Kwenye tukio la pili inategemea ni seva ipi imezuiwa. Kwenye tukio la tatu Mastodon isingefanya kazi kabisa, kwa sababu nayo inahitaji intaneti. Ni programu za simu kwa simu tu ambazo zingeweza kufanya kitu, tena kwa umbali mfupi.

Mtu asiyefundishwa tofauti hii anapakua programu akiamini itamwokoa siku mbaya, kisha siku hiyo inafika na haimsaidii. Hapo ndipo suala la elimu linapoingia.

Mlango uliowarudisha watu

Elon Musk alipoinunua Twitter tarehe 27 Oktoba 2022, watu wengi walikimbilia kujaribu Mastodon. Swali la kwanza walilokutana nalo lilikuwa: chagua seva. Orodha ilikuwa ndefu, na kila seva ina jina lake, kanuni zake na msimamizi wake. Mtu ambaye hajui seva ni nini atachaguaje? Wengi waliishia hapo hapo mlangoni.

Fikiria mtu anayetaka laini ya simu kwa mara ya kwanza, halafu kabla ya kupewa anaambiwa achague mnara atakaoutumia. Swali si baya, ila limekuja kabla ya wakati wake.

Mei 2023 Mastodon walibadilisha utaratibu. Mgeni alionyeshwa kitufe kimoja cha kujiunga na seva kubwa ya mastodon.social, na anayetaka seva nyingine akaachiwa njia ya pili. Mlango ukawa mwepesi. Lakini baadhi ya watumiaji wa zamani walilalamika kwamba wageni wote wakiingizwa seva moja, mtandao unarudi kuwa wa mwenye mmoja kwa mlango wa nyuma.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Mgeni hapaswi kufanyiwa mtihani. Ila kuna siku seva aliyopo itamgusa moja kwa moja. Februari 2023 msimamizi wa seva iliyoitwa mastodon.lol alitangaza kwamba ataifunga, akawapa watu wake takribani miezi mitatu wahame. Aliyejua utaratibu alihama na wafuasi wake. Maandishi yake ya zamani hayakuhama naye, kwa sababu Mastodon huhamisha wafuasi na si machapisho. Asiyejua kwamba seva ina mwenyewe, na kwamba mwenyewe anaweza kuchoka, alibaki anashangaa.

Lipo jambo jingine lililofichwa nyuma ya urahisi. Ujumbe wa watu wawili kwenye Mastodon haufungwi kwa namna ya WhatsApp, ambako anayeweza kuusoma ni mtumaji na mpokeaji tu. Msimamizi wa seva ana uwezo wa kiufundi wa kuusoma. Kwa mtu anayesimulia siri ya ndoa au ugonjwa, hilo ni jambo la kujua kabla ya kuandika, si baada.

Bluesky na Nostr: njia mbili

Bluesky ilifunguliwa kwa watu wote Februari 2024, na kufikia Novemba mwaka huo ilikuwa imevuka watumiaji milioni 20. Ilichagua urahisi tangu mwanzo. Unajisajili kwa barua pepe na nywila kama ulivyozoea, unawekwa kwenye seva ya kampuni, na kampuni inakutunzia funguo za akaunti. Ukisahau nywila, unaipata tena. Anayetaka kuwa na seva yake anaweza kuwa nayo, lakini wengi hawajui hata kama uwezekano huo upo. Urahisi umewaleta watu, ila wengi wao bado wanaitegemea kampuni moja.

Nostr, iliyoanza mwaka 2020, ilikwenda upande wa pili. Haina barua pepe wala namba ya simu. Programu inakutengenezea ufunguo wa siri, na mwenye ufunguo huo ndiye mwenye akaunti. Ukiupoteza, hakuna wa kukurudishia. Ukiibiwa, huwezi kuubadilisha kama unavyobadilisha nywila. Mwizi atakuwa wewe siku zote.

Baadhi ya programu za Nostr hutengeneza ufunguo huo kimya kimya wakati wa kujisajili ili mgeni aanze haraka. Kwa sekunde chache umeingia. Sasa chukua hali ya kwetu. Simu nyingi hapa zina nafasi ndogo. Simu ikijaa, tunafuta programu moja ili picha za harusi ziingie, tukijua tutaipakua tena baadaye. Kwa WhatsApp hilo halina shida kubwa, kwa sababu unarudi kwa namba yako. Kwa programu ya ufunguo, kama hukuuandika mahali, huenda umeifuta akaunti yako milele, tena kwa tendo la kawaida kabisa ambalo hakuna aliyekuonya.

Somo tulilonalo: M-Pesa

Afrika Mashariki ina mfano mzuri wa teknolojia ngumu iliyofika kwa kila mtu. Nchini Kenya, Safaricom ilianza majaribio ya M-Pesa Oktoba 2005 pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya. Lengo la mwanzo lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo kwa simu. Wakati wa majaribio wateja walionekana wakitumiana pesa wao kwa wao. Huduma ikapunguzwa mambo, na ilipozinduliwa Machi 2007 ujumbe wake kwa wananchi ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani. Vodacom iliileta Tanzania mwaka 2008.

Tazama ni nini kilifichwa na nini kiliachwa wazi. Mteja hakufundishwa pesa zake zinatunzwa benki gani wala ujumbe unafungwaje njiani. Hayo yalifanywa na mtambo. Hata makampuni yalipounganisha huduma zao hapa nchini, Tigo na Airtel mwaka 2014 kisha Vodacom mwaka 2016, hakuna bibi aliyehitaji kusomeshwa makubaliano hayo. Aliona tu kwamba pesa za mjukuu zinafika hata kama laini ni tofauti.

Lakini mambo matatu hayakufichwa hata siku moja: namba ya mpokeaji, kiasi, na namba ya siri. Menyu inakusimamisha uyaandike mwenyewe, inakuonyesha, kisha inakuuliza kama una uhakika. Hizo hatua zinachelewesha, na zimewekwa kwa makusudi. Hapo ndipo kosa linapogeuka kuwa hasara.

Na somo lenyewe lilitolewa na watu. Wakala alisimama na mteja kwenye kibanda, akamwonyesha mara ya kwanza na ya pili, mpaka akazoea. Redio nazo zilirudia na zinaendelea kurudia: usimpe mtu namba yako ya siri.

Tusiseme kazi imekwisha. Wapo wazee ambao mpaka leo humpa wakala au mtoto simu pamoja na namba ya siri, wakisema "nisaidie kutoa". Ujumbe wa matapeli wa "ile pesa itume kwenye namba hii" bado unawanasa watu kila siku. Huko si kushindwa kwa mtambo. Kunatukumbusha kwamba elimu haitolewi mara moja ikaisha, na kwamba pale mtu anaporuka sehemu aliyopaswa kuishika mwenyewe, tapeli anaikuta wazi.

Jaribio la Uganda

Wenzetu wa Uganda wameliona jambo hili kwa karibu. Kwenye uchaguzi wa Januari 2021 mitandao ya kijamii ilizuiwa, kisha intaneti nzima ikakatwa kwa siku kadhaa. Kuelekea uchaguzi wa Januari 2026, mgombea Robert Kyagulanyi, anayejulikana kama Bobi Wine, aliwahimiza wafuasi wake wapakue Bitchat mapema. Intaneti ya umma ikasitishwa tena siku mbili kabla ya kura.

Bitchat ilitolewa Julai 2025 na Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twitter. Ni nyepesi mno: haiombi namba ya simu, barua pepe wala nywila. Unafungua, unaandika. Ujumbe unarushwa kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu, kila simu ikiupokea na kuusukuma mbele.

Urahisi huo una mambo mawili ambayo kioo cha simu hakikuelezi. La kwanza ni umbali. Bluetooth hufika makumi ya mita tu, hivyo ujumbe unahitaji mnyororo wa simu zilizo karibu. Katikati ya Kampala mnyororo huo unaweza kupatikana. Kijijini kwetu, ambako nyumba na nyumba zimetenganishwa na migomba, mnyororo unakatika. Siku ya gulio unaweza kusimama, jioni watu wakitawanyika unakufa.

La pili ni usalama. Muda mfupi baada ya programu kutoka, mtaalamu wa usalama alionyesha kwamba mtu angeweza kujifanya mtu mwingine ndani yake. Dorsey aliweka onyo kwamba programu haijakaguliwa na wataalamu wa nje na isitegemewe. Onyo hilo liliwekwa kwenye ukurasa wa watengenezaji programu, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida hafiki. Programu ilimfikia mtu aliyeihitaji, onyo halikumfikia.

Nini kirahisishwe, nini kifundishwe?

Ukiyaweka mafunzo haya pamoja, linaonekana jibu moja ambalo mtengenezaji anaweza kulitumia. Jambo ambalo mtu akikosea anaweza kulirekebisha kesho, lifichwe au lichaguliwe kwa niaba yake. Jambo ambalo akikosea hawezi kurudi nyuma, asimamishwe na afundishwe.

Kuchagua seva ni jambo la kundi la kwanza, ilimradi njia ya kuhama iwepo na ionekane. Mwekee mgeni seva nzuri, aendelee. Kutunza ufunguo ni la kundi la pili. Kumtumia mtu ujumbe wa siri kwenye mtandao ambao msimamizi anaweza kuusoma nako ni la kundi la pili.

Wakati wa somo nao una uzito. Kurasa kumi za maelezo siku ya kwanza hazisomwi na mtu. Kila mmoja anabonyeza "nakubali". Onyo kuhusu ufunguo lina maana mtu akishapata marafiki kadhaa, yaani akishakuwa na kitu cha kupoteza. Onyo kuhusu faragha likae pale pale anapoanza kuandika ujumbe wa siri.

Lugha iwe ya nyumbani. Sentensi kama "msimamizi wa seva hii anaweza kusoma ujumbe huu" inaeleweka na mama muuza ndizi na mwalimu vilevile. Na mtengenezaji akumbuke simu za kwetu: simu moja inayotumiwa na familia nzima, bando dogo, nafasi iliyojaa, na fundi anayeomba nywila ili "aijaribu".

Maswali matano kabla ya kujisajili

Ukisikia kuhusu programu mpya ya aina hii, jiulize haya:

1. Akaunti yangu anaishika nani: kampuni, msimamizi wa seva, au mimi mwenyewe?

2. Simu ikiibiwa au nikifuta programu, nitarudije? Kama jibu ni ufunguo, uandike kwenye karatasi na uiweke unakoweka hati ya shamba. Usiupige picha ukaiacha kwenye simu ile ile.

3. Nani mwingine anaweza kusoma ujumbe wangu wa siri?

4. Nikitaka kuhama, nitahama na nini na nitaacha nini?

5. Inafanya kazi bila intaneti, au inahitaji bando kama nyingine?

Ongeza na tahadhari mbili. Hakuna huduma halali inayokupigia simu kukuomba ufunguo, nywila au namba ya siri. Ukipata ujumbe wa kitapeli, utume kwenda namba 15040. Pia mtandao kutokuwa na mmiliki mmoja hakumwondoi mtumiaji kwenye sheria za nchi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhusu aliyeandika, seva iwe Dodoma au Berlin.

Mitandao hii bado ni michanga, na mingi haijatengenezwa kwa kumfikiria mtu wa Runazi au Ngara. Lakini tulishajifunza kutuma pesa kwa simu bila kuwa mafundi, kwa sababu tulirahisishiwa mengi na tukafundishwa machache ambayo yangetuumiza. Tunapopewa programu mpya, tuna haki ya kudai hayo yote mawili.